Vioo Vinane vya Mkurugenzi

Siku tuliyomzika Mkurugenzi, mwanawe wa kwanza alisoma wasifu wa marehemu akasema kwamba baba yake ndiye aliyeileta kompyuta Songea, na kwamba alizijua kompyuta nje ndani. Nilikuwa nimekaa safu ya nne chini ya turubai, nikacheka. Nilijitahidi kukizuia kicheko, mabega yakanisaliti, na mama aliyekuwa kando yangu akanipa leso akidhani nalia. Niliipokea na kujifuta macho, kwa kuwa ni rahisi kumdanganya mfiwa kuliko kumweleza. Watu wa kwetu tuna haraka sana ya kumtakasa maiti. Mtu akishafungwa sanda, ujinga wake unageuka busara na uchoyo wake unageuka uangalifu, nasi tunaitikia amina na kusogelea sahani. Mimi nimefika umri wa kutoogopa kusema nilichokiona. Kufa hakuhitaji ujuzi wowote. Ndiyo maana hata yeye aliweza. Kuhusu kompyuta, nilikuwepo, na nitasema.

Habari za kwetu na za wazazi wangu naziacha, hazina hatia katika jambo hili. Nianzie miaka ya mwisho ya tisini, wakati ruksa ya biashara huria ilikuwa imekwisha kuzaa kila ilichoweza kuzaa: mitumba, baa, mawakala wa kila kitu, na vyuo ambavyo mwenye nyumba alikuwa ndiye mkuu wa chuo, mhasibu na mtunza funguo. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, mpiga chapa wa ushirika, na ushirika ulikuwa umekata roho. Tulipewa barua za kupunguzwa kazini asubuhi moja, wote kwa mkupuo, na mimi ndiye niliyezipiga chapa zote, pamoja na yangu. Mkurugenzi hapo ushirika alikuwa bwana stoo. Ushirika ulipokufa sisi tulitoka na barua, yeye akatoka na nyumba mtaani Bombambili. Sikuwahi kusikia mtu akiuliza ilikuwaje. Miezi mitatu baadaye ubao ulipigiliwa mbele ya nyumba ile: Kituo cha Kompyuta cha Upeo Mpya. Alinichukua kwa sababu niliandika haraka na kwa sababu, kama alivyomwambia mkewe nikiwa nasikia, nilikuwa "binti asiye na maneno mengi". Alikuwa amenisoma vizuri kuliko nilivyojisoma mwenyewe.

Darasa lilikuwa chumba kilichokuwa ghala la mahindi. Kuta zilipakwa rangi ya samawati, lakini mvua ikinyesha harufu ya pumba ilirudi, na mara mojamoja fukusi walitembea juu ya kibodi kama wenye chumba. Humo zilipangwa kompyuta saba, na ya nane ilikuwa ofisini kwake, nyuma ya ukuta wa hadibodi mwembamba kiasi kwamba tulisikia akinywa chai. Zote zilikuwa zimetumika huko Ujerumani, zikatumwa na Mzungu mmoja aliyewahi kupita kwetu. Mkewe Mkurugenzi alizifumia vitambaa vyeupe vyenye maua pembeni, na kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuvivua vitambaa hivyo na kuvikunja, kama anayewavua shela maharusi wanane. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia na viatu. Mkurugenzi alifundisha kwamba vumbi ndilo linaloleta virusi vya kompyuta, na mwanafunzi aliyepiga chafya alitolewa nje mpaka apone. Nasema hivi bila kutia chumvi. Mwezi wa saba, baridi ya Songea ikiwa imeshika sakafu ya saruji, watu wazima waliokuwa makarani na wauguzi walikaa na soksi zilizotoboka vidoleni, wakimsikiliza mtu yule akieleza jinsi mafua yanavyoambukiza mashine.

Yule Mzungu alikuwa ametia katika kompyuta hizo mfumo unaoitwa Linux, kwa kuwa ulikuwa wa bure na hakutaka kutuingiza katika dhambi ya kunakili. Mkurugenzi aliutamka "Lainaksi", na kwa jinsi alivyoutaja kwa heshima, nusu ya darasa walidhani ndilo jina la Mzungu mwenyewe. Kulikuwa na kasoro moja. Makasha na vioo vilikusanywa huko Ulaya kutoka sehemu mbalimbali, vikaja vikiwa havijuani. Kompyuta isipojua imeunganishwa na kioo gani huogopa, na ikiogopa huonyesha picha kwa kipimo kidogo kuliko vyote. Kila kitu kikawa kikubwa kupita kiasi. Herufi zilikuwa kama za bango la mkutano wa hadhara. Ukifungua ukurasa uliona robo yake tu. Na mashine ilipokuuliza swali, kwa mfano kama unataka kuihifadhi kazi yako au kuitupa, swali lilionekana, lakini vitufe vya kujibia vilikuwa vimezama chini ya ukingo wa kioo, mahali jicho lisipofika.

"Bwana Mkurugenzi," aliuliza mwanafunzi mmoja siku za mwanzo, "mbona hapa naulizwa lakini sioni pa kujibu?"

"Ndivyo kompyuta za Ulaya zilivyo," alijibu, mikono nyuma. "Bonyeza Enta, umwamini Mungu."

Hilo likawa somo. Niliwafundisha watu kubonyeza Enta na kumwamini Mungu, na waliandika katika madaftari yao. Nililiona mwenyewe daftari la muuguzi mmoja, limeandikwa kwa wino mwekundu na kupigiwa mstari.

Mungu naye alikuwa na mambo yake. Alikuwepo mwanafunzi tuliyemwita Mzee Mbawala, karani mkuu wa zamani wa ushirika, mtu wa Maposeni, aliyekuja kwa baiskeli kila siku na kuifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya ubao wetu. Alikuwa na zaidi ya miaka hamsini, amepunguzwa kazini kama sisi, na ofisi moja mpya ya watu binafsi ilikuwa imemwahidi usaili ikiwa angefika akijua kompyuta. Kwa umri ule hakukuwa na ofisi nyingine ya kumwahidi kitu. Kwa siku tatu aliandika orodha ya wakulima wa tumbaku, kijiji kwa kijiji, kwa kidole kimoja, akinong'ona kila jina kabla ya kuliandika. Siku ya tatu akafunga ukurasa, swali likaja, vitufe havikuonekana, akabonyeza Enta kama alivyofundishwa. Orodha ikapotea yote. Mkurugenzi alikuja akatazama kioo kitupu, akasema, "Wazee mna mikono mizito." Mzee Mbawala alitoka nje, akakaa kwenye ngazi kuvaa viatu, nami nikamfuata kwa aibu.

"Shikamoo mzee. Pole."

"Marahaba, binti yangu." Alikuwa anahangaika na kamba za viatu. "Mimi nimetunza vitabu miaka ishirini na sita. Vingine vililiwa na panya, vingine vililowa mvua. Lakini hakuna kitabu kilichowahi kunificha ukurasa."

Kituoni alikuwepo mtu mmoja tu mwenye akili, na alikuwa ameajiriwa kufagia. Saidi alikuwa fundi redio kutoka Tunduru, Myao mrefu mwenye vidole vyembamba, amenizidi kama miaka mitano. Alikuja Songea kutafuta vipuri, akakwama, na Mkurugenzi akamchukua ili aangalie jenereta, avute maji na asafishe darasa. Mchana tulikula pamoja kwa mama mmoja aliyepika nyuma ya kituo: ugali, dagaa wa Nyasa waliokaangwa na nyanya, na Ijumaa Saidi alichelewa kwa sababu ya sala, nami nikamfunikia sahani yake kwa sahani yangu. Alikula taratibu, akitoa vichwa vya dagaa mmoja mmoja, na alizungumza hivyohivyo.

"Dada Konso," aliniambia siku ile ya Mzee Mbawala, "kile kioo hakina ubovu. Kioo kinafuata amri. Kuna mahali kimeambiwa kionyeshe vile. Tukipapata mahali hapo, tukabadili tulichokiambia, kitatii."

"Na Mkurugenzi?"

"Mkurugenzi haambiwi. Mkurugenzi ataona."

Kulikuwa na maelezo marefu ndani ya kompyuta yenyewe, kurasa kwa kurasa za Kiingereza kikavu, ambazo hakuna mtu Bombambili nzima aliyewahi kuzifungua. Saidi alikuwa na umeme kichwani, mimi nilikuwa na Kiingereza cha kupiga chapa na kamusi isiyo na jalada. Kwa wiki mbili, kila wanafunzi walipoondoka alasiri, nilisoma kwa sauti na kutafsiri, naye akasikiliza akiwa ameegemea fagio, akinikatiza: "Rudia hapo." Tuligundua kwamba liko faili moja la maandishi linaloieleza kompyuta kioo chake. Ndani yake huandikwa namba za aina mbili: kioo kinachora mistari kwa kasi gani, na kinachora upya picha nzima mara ngapi kwa sekunde. Ukiandika namba ndogo, kioo kinaishi lakini unaona robo ya ukurasa. Ukiandika namba zinazokifaa, unaona ukurasa mzima. Ukiandika namba kubwa kuliko uwezo wake, maelezo yalionya, kioo kinaweza kuungua. Nilipoyatafsiri maneno hayo Saidi aliacha fagio. "Hilo ni kweli," alisema. "Hata televisheni ukiilazimisha inapiga mluzi kwanza, halafu inakufa. Tunataka namba za kiwandani. Hatubahatishi."

Namba za kiwandani huandikwa kwenye karatasi ndogo nyuma ya kioo. Tulivigeuza vioo, na hapo ndipo dharau yangu kwa mtu yule ilipokamilika, kwa sababu nyuma ya kila kioo, juu kabisa ya namba hizo, alikuwa amebandika karatasi yake ya gundi: MALI YA MKURUGENZI. USIGUSE. Alipata nyuma yote ya kioo, pana kama sinia, na akachagua kubandika jina la cheo chake juu ya kitu pekee kilichofaa kusomwa. Tulizibandua kwa mafuta ya taa na wembe, kidogo kidogo, tukaziandika namba za vioo vyote vinane, kisha tukazibandika tena zile karatasi palepale, kwa gundi mpya, ili asijue. Hakujua. Hakuwahi kutazama nyuma ya kitu chochote.

Jumamosi moja alikwenda Peramiho kwenye harusi, tukabaki wawili. Saidi alilifungua lile faili, kisha mimi nikakaa kwenye kibodi kwa kuwa ndiye nisiyekosea herufi, yeye akasimama nyuma yangu akinisomea. Mara ya kwanza kioo kilikuwa cheusi, lakini yeye akanyoosha mkono na kubonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, mashine ikarudi kwenye maandishi. Nilikuwa nimesahau kufunga mstari mmoja. Nikaufunga. Mara ya pili kioo kilifanya "tak", kama mtu anayegonga ulimi, halafu picha ikaja. Sijui nitaielezaje kwa vijana wa leo, ambao kila kioo wanachokishika kinajijua chenyewe. Ilikuwa kama kufungua dirisha la chumba ambacho umekaa humo mwaka mzima. Ukurasa ulionekana wote, kuanzia juu hadi chini, herufi zimetulia, na chini kabisa vitufe vya kujibia vimekaa kwa mstari, vimenyooka, kana kwamba havijawahi kwenda popote. Saidi alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya chini. Hadi saa kumi vyote vinane vilikuwa vimepona, kile cha ofisini pia.

Jumatatu Mzee Mbawala alikaa kwenye nafasi yake, akaandika mistari miwili, akafunga ukurasa makusudi ili aulizwe. Swali likaja. Akaviangalia vitufe kwa muda mrefu, akavigusa kwa kidole juu ya kioo, jambo lililokatazwa. "Kumbe vilikuwepo," alisema. Akaanza upya orodha yake ya wakulima, na safari hii ilikaa. Mkurugenzi alipoingia alitazama kioo kimoja, akatazama cha pili, nikaona anatafuta la kusema. "Niliwaambia mtazoea," alisema, akatoka. Baada ya wiki moja, kupitia hadibodi, nilimsikia akimwambia mgeni kwamba alikuwa "ameviamuru vioo kutoka Ujerumani kwa simu". Saidi alikuwa anafagia. Alinikonyeza tu.

Ingeishia hapo, nisingekuwa na sababu ya kuandika sura hii. Lakini Mkurugenzi alitaka sherehe ya kutoa vyeti, na mgeni rasmi kutoka serikalini, na mtu wa kuvutia macho ya mgeni rasmi. Akamwita shemeji yake kutoka Dar es Salaam, aliyeitwa Injinia. Sikuwahi kufahamu alikuwa injinia wa nini. Alifika siku moja kabla, amejipulizia manukato yaliyoua hata ile harufu ya pumba, na alikuwa mtu wa kwanza kuingia darasani na viatu. Mkurugenzi aliviona viatu vile, vikubwa, vyeusi, vya ngozi, na hakusema neno juu ya virusi. Injinia alikaa kwenye kioo kipya kuliko vyote, cha tatu kutoka mlangoni, akasoma vipimo vyake, akacheka kwa pua.

"Hii ndiyo mnaita picha? Dar hatutumii hiki kipimo hata kwa watoto." Akafungua lile faili, maana hilo kweli alilijua, akaandika namba kubwa. Kioo cha tatu kikafanya "tak" kikatulia. Herufi zikawa ndogo, safi, za kitajiri. Mkurugenzi akapiga makofi. Injinia akanakili faili lile kwenye disketi na kuinuka ili alitie katika mashine nyingine sita za darasani, zote kwa namba zilezile.

"Samahani, mheshimiwa," Saidi alisema kutoka mlangoni, peku, ndoo mkononi. "Hicho cha tatu kinaweza. Hivi vingine haviwezi. Kila kimoja kina namba zake, zimeandikwa nyuma."

Injinia aligeuka polepole. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni fundi redio."

"Fundi redio!" Alimtazama Mkurugenzi, Mkurugenzi akacheka, na mimi nikacheka. Sikucheka sana. Nilicheka kiasi cha kuonekana niko upande unaofaa. Saidi aliniangalia mara moja tu, akachukua ndoo yake akaenda nje. Injinia akaweka disketi yake mashine baada ya mashine, hakuijaribu hata moja, maana chai ilikuwa tayari.

Kesho yake mgeni rasmi alifika na msafara wa magari mawili. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, ua lilikuwa tope tupu. Alivuliwa viatu mlangoni kama kanuni ilivyotaka, akaingia na soksi za kijivu, akasimama katikati ya darasa huku wanafunzi wamenyooka nyuma ya viti. Mkurugenzi alisoma risala. Alitaja utandawazi mara nyingi kuliko niwezavyo kukumbuka. Kisha akasema, "Mheshimiwa, tazama sasa teknolojia," na kwa ishara ya mkono mashine zote saba zikawashwa. Kioo cha tatu kilionyesha picha nzuri. Viwili vilibaki vyeusi. Vitatu vilionyesha mistari ya mshazari inayokimbia kama mvua ya upepo. Cha saba, cha Mzee Mbawala, kikaanza kupiga mluzi, mwembamba mwanzoni, halafu mkali hadi tukaziba masikio. Mgeni rasmi akauliza, "Hiyo ndiyo teknolojia?" Kabla hajajibiwa kikalipuka "pwaa", moshi mweusi ukapanda hadi darini, na mheshimiwa, ambaye aliletwa na dereva, mlinzi na katibu, alitoka mbio peke yake mbele ya wote, soksi zake za kijivu zikizama topeni, hadi kwenye gari. Saidi ndiye aliyechomoa nyaya zote ukutani. Pilau ililiwa na majirani. Nikikumbuka mpaka hapa huwa nafurahi, na ningependa kuishia kwenye zile soksi. Lakini siku ile haikuishia pale.

Jioni Mkurugenzi alituita ofisini: mimi, Saidi, na Injinia aliyekaa pembeni akijisafisha kucha. Mtu aliyeaibika mbele ya serikali ni lazima ampate aliyemwaibisha, na shemeji hawezi kuwa yeye. "Kuna mtu amekuwa akigusa mafaili ya mashine zangu," alisema. "Konso, wewe uko darasani siku zote. Ulimwona nani?"

Nilijua alichotaka. Nilijua pia nilichokiona, mpaka disketi na mkono ulioishika. Ningeweza kusema, "Nilimwona Injinia jana, na wewe ukampigia makofi." Ningeweza pia kusema kwamba faili lile niliandika mimi, kwa vidole vyangu, kabla ya Injinia kulivuruga. Nilifikiria chumba nilichopanga, na ubao wa matangazo ya kazi pale mjini usiokuwa na tangazo. Nikasema, "Wiki zilizopita nilimwona Saidi akilifungua lile faili."

Kila neno la sentensi ile lilikuwa la kweli. Nimekutana na waongo wengi maishani, na ninawadharau, lakini mwongo anayedanganya kwa uongo angalau amefanya kazi ya kuutunga. Saidi hakupinga. Hakusema, "Tulikuwa wawili." Alisubiri kidogo, nadhani alinipa nafasi niseme mwenyewe, na nilipokaa kimya akainamisha kichwa.

Kabla sijafika mwisho nimalize habari za wengine, ili nisije nikajificha nyuma yao. Mzee Mbawala alikwenda kwenye usaili wake, akapata kazi, akastaafu kwa heshima. Mara ya mwisho nilipokutana naye aliniuliza yule fundi wa Tunduru yuko wapi, nami nikasema sijui. Injinia alirudi Dar na manukato yake. Mkurugenzi alipata mashine nyingine kutoka kwa mfadhili mwingine, na baadaye udiwani, na mwishoni wasifu ule. Mimi nilifanywa mwalimu mkuu wa kituo, na kutoka pale nikapata kazi nyingine, na nyingine, miaka yote hii nikila kwa kompyuta. Saidi nilisikia ana karakana Tunduru na watu wanamsafiria kutoka mbali. Ni safari ya kutwa moja tu. Sijaenda.

Asubuhi iliyofuata kikao kile, Mkurugenzi alinipa karatasi aliyoiandika kwa mkono, nimpigie chapa barua ya kumfukuza Saidi kazi. Nilikaa ofisini kwenye kile kioo cha nane, ambacho Injinia hakukigusa kwa kuwa hakikuwa cha kuonyeshwa wageni. Barua yote ilionekana kwa mara moja, kuanzia tarehe hadi nafasi ya sahihi, safi, bila kuzama popote, kwa namba alizonisomea Saidi mwenyewe. Karatasi ya Mkurugenzi ilikuwa na makosa sita ya tahajia. Niliyasahihisha. Alikuwa ameandika "kwa sababu ya uzembe", na sentensi ikaniudhi kwa ufupi wake, mkono wa mpiga chapa una mazoea yake. Nikaandika "kwa sababu ya uzembe uliokithiri". Mkurugenzi alisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatia sahihi, akaenda zake mjini.

Saidi aliisoma barua amesimama, karibu na dirisha. Aliisoma mara mbili.

"Umepiga chapa wewe."

"Ndiyo, kaka Saidi."

"'Uliokithiri' si neno lake," alisema. "Hawezi kulifikia."

Aliikunja barua mara nne, akaitia mfuko wa shati. Nilidhani ataondoka, na nilitamani aondoke, au anitukane nipumue. Badala yake alivuta kiti cha wageni, ambacho hakuwahi kukikalia, akakaa.

"Vile sita vilivyobaki kule darasani vina namba za yule bwana," alisema. "Kile cha tatu kiache. Vingine mkiwasha hivyohivyo, vitaungua kimoja kimoja, na kuna watu hawajamaliza masomo yao. Zile karatasi zetu tulizoandika namba, Mkurugenzi amezitupa jana. Mimi ninazo kichwani. Una kalamu?"

Nilikuwa nayo. Alianza na kioo cha kwanza, kilicho mlangoni: mistari, kutoka thelathini hadi hamsini, picha, kutoka hamsini hadi tisini. Halafu cha pili, halafu cha nne. Alitaja namba zote bila kusita na bila kunitazama, taratibu, akisimama kila baada ya namba kama mtu aliyezoea kumsubiri karani, nami nikaandika kama karani. Alipofika cha sita akaishia hapo, maana cha saba kilikwisha kuungua.

"Soma nisikie," alisema, "usije ukakosea."

Nikasoma. Kwenye kioo cha pili nilishindwa kuiona karatasi. Saidi alisubiri mikono imelala mapajani, hakunipa pole wala hakunihimiza, mpaka nilipomaliza kujifuta.

"Endelea," alisema. "Bado vitatu."